Mwiko wa Maneno Matano

Nimesikia jina mlilonipa huko kliniki: Bi Maswali. Eti nikija kuwasalimu Alhamisi, siku ya wagonjwa wa sukari, foleni haisogei, kwa sababu kila ninayemkuta kwenye benchi namuuliza alikula nini asubuhi, alikula nini jana mchana, na nani alipika. Mmoja wenu alisema, akidhani niko mbali, kwamba wazee wangekaa nyumbani wacheze na wajukuu. Niiteni hivyo hivyo. Nimestaafu, hakuna wa kunifukuza, na kuacha siachi.

Ila kabla hamjacheka tena, nataka mjue maswali haya niliyapata wapi. Sikuzaliwa nayo. Mimi nilizaliwa na aibu na haya. Nilikuwa na haya hivi kwamba shuleni, mwalimu akiita majina asubuhi, jirani yangu wa dawati ndiye aliyeniitikia "yupo". Nilimaliza kidato cha nne mwanzoni mwa miaka ya themanini, nikarudi kwetu Sabaki, na nyumbani hawakuona kazi gani itanifaa isipokuwa kulima, maana mihindi haina maswali.

Kazi iliyokuja ilikuwa ya ukalimani. Naona mnatabasamu. Kliniki moja ya Malindi ilikuwa na daktari kutoka ng'ambo, mtu mrefu wa kuinama kila mlangoni, hajui Kiswahili zaidi ya salamu. Sisi tulimwita Daktari Mrefu. Walitafuta mtu mwenye Kiingereza cha shule, Kiswahili na Kigiriama, na cheti changu kilisema ninavyo vyote vitatu. Cheti hakikusema kwamba vyote vitatu nilivisema kwa kunong'ona.

Wakati huo nilikuwa na daftari la jalada la buluu ambalo niliandika siku zangu. Ninalo mpaka leo, kurasa zimekuwa rangi ya chai. Ukurasa wa wiki ya kwanza umeandikwa hivi: "Leo nimesema maneno kumi na moja kazini. Jana yalikuwa tisa. Nikiendelea hivi nitakuwa mtu."

Basi nikajifunza ufundi wangu mwenyewe, ufundi mbaya. Daktari anasema sentensi ndefu, mimi naielewa yote, halafu naikamua kama chungwa na mgonjwa namtolea matone mawili. "Kunywa dawa." "Rudi Jumatatu." "Usiguse maji." Daktari aliona wagonjwa wanatoka haraka, akanisifu kwamba mimi ni mkalimani asiyepoteza muda. Niliiandika sifa hiyo kwenye daftari na kuipigia mstari chini.

Ndipo akaja Bi. Mwanakombo.

Alikuwa fundi cherehani wa Mambrui. Alishona kanzu za watoto wa madrasa, sare za shule, na magauni ya maharusi, kwenye cherehani ya kukanyaga kwa miguu aliyoiweka chumba cha mbele, dirisha wazi, ili amwone kila apitaye na yeye aonekane. Mwanamke mnene kidogo wakati huo, mcheshi, mwenye sauti ya kuita mtu kutoka mtaa wa pili. Alikuja kwa sababu ya kiu na kwenda haja ndogo kila mara. Siku zile mkojo tuliuchemsha na dawa ya buluu kwenye kichupa. Ukibaki buluu, mtu anakwenda zake. Wa Bi. Mwanakombo uligeuka rangi ya matofali, dalili ya sukari nyingi, kabla sijahesabu ishirini.

Daktari Mrefu akamwandikia vidonge vya metformin, kisha akaanza kueleza chakula. Alisema vizuri, tena kwa upole: apunguze nyama yenye mafuta, samaki asimkaange kwenye mafuta mengi kila siku, mayai asizidishe, maziwa aondoe malai, ule utando wa juu, kwanza. Nilielewa kila neno. Kiingereza hakikuwa shida. Shida ilikuwa kwamba chumbani alikuwamo dada yake Bi. Mwanakombo na wauguzi wawili wanafunzi, na macho yao wote yalikuwa kwenye mdomo wangu.

Nikasema: "Nyama, samaki, mayai, maziwa: mwiko."

Bi. Mwanakombo akaniangalia. "Na samaki pia?"

Hapo Mungu alinipa nafasi, nami nikaipoteza. Nilitikisa kichwa kukubali. Hata neno la sita sikulitoa.

"Haya," akasema. "Kama ni mwiko, ni mwiko."

Nyinyi wa leo mnalitumia neno hili ovyo. Mnasema kuchelewa kazini ni mwiko, halafu mnachelewa. Kwa mtu wa umri wake, wa mji wake, mwiko ulikuwa kitu kinachofuatana na dawa. Mganga akikupa dawa na mwiko, ukivunja mwiko dawa inakugeuka. Hakuna mwiko wa kupunguza, hakuna mwiko wa kuonja kidogo siku ya Idi. Mimi nilijua hivyo, maana kwetu Sabaki ni vilevile. Nililichagua neno lile kwa sababu lilikuwa fupi na lilifunga mazungumzo. Mama yule akaenda nyumbani Mambrui, mji ambao samaki huingia jikoni kila siku kama chumvi, akauheshimu mwiko wangu kwa miaka minne.

Miaka hiyo minne mimi nilikuwa hapo hapo kliniki, napanda cheo. Daktari Mrefu alirudi kwao. Kabla hajaondoka alikuwa na tabia ya kufundisha ukuta wakati wa chai, na ukuta wenyewe nilikuwa mimi, kwa kuwa sikumkatiza. Alinieleza mambo mengi ambayo hakuna aliyeyauliza. Nikayaandika kwenye daftari, Kiingereza chake na Kiswahili changu. Mojawapo lilikuwa hili: vidonge vile vya sukari ni vizuri, lakini vikitumiwa miaka, vinaweza kuuzuia mwili usichukue vizuri vitamini iitwayo B12. Vitamini hiyo hatuipati kwenye mchicha wala muhogo, bali kwenye nyama, samaki, mayai na maziwa. Ikikosekana muda mrefu, damu inapungua na chembe zake zinakuwa kubwa mno, na mishipa ya fahamu inaharibika: ganzi, miguu kuwaka moto, ulimi kuuma, mtu anayumba akifumba macho. Na sukari nayo, peke yake, huleta ganzi ile ile ya miguu. Kwa hiyo, akaniambia, mtu wa sukari akifa ganzi, kila mtu atasema ni sukari na hatatafuta zaidi.

Niliandika yote hayo kwa mwandiko mzuri. Kisha nikafunga daftari.

Aliyeshika kliniki baada yake alikuwa Bwana Mutua, afisa wa kliniki kutoka bara. Si mtu mbaya, msinielewe vibaya. Alikuja mapema kuliko sisi sote na kuondoka mwisho. Ila alikuwa na watu arobaini mlangoni kila Alhamisi na mikono miwili tu, hivyo alipenda jibu moja kwa kila ugonjwa. Mimi akanipa kazi ya kupima miguu. Nilipewa pamba, na kile chuma cha pembe mbili ambacho ukikigonga kinavuma, unaweka kitako chake juu ya kifupa cha kidole gumba, na mgonjwa mwenye mishipa mizima anausikia mtikisiko ukiingia mfupani.

Kazi hii niliipenda kwa sababu ilihitaji neno moja tu. Nagonga chuma, naweka, nauliza: "Unasikia?" Mgonjwa anasema: "Nasikia." Naandika kwenye kadi: hisia nzuri. Bi. Mwanakombo nilimpima hivyo mara nne. Mara nne niliandika hisia nzuri.

Alhamisi moja, mwaka wa nne huo, alikuja akiwa amekonda, uso umepauka, anatembea kama mtu aliye ndani ya mashua, miguu imeachana. Na alikuwa amevaa champali mguu mmoja tu.

Nikamwamkia, akaitikia marahaba, mwanangu, kama kawaida yake. Nikamuuliza champali nyingine iko wapi. Akaniambia anazo zote mbili. Ndipo akainama, akatazama, akasema ilikuwapo aliposhuka garini. Mwanamume mmoja kwenye benchi akasema labda champali imeiona foleni, imerudi Mambrui. Watu wakacheka, na Bi. Mwanakombo akacheka kuliko wote, lakini mkono wake uliushika ukuta.

Alikuwa ametembea peku, barabara ya changarawe, jua la saa nne, na hajui.

Nikamkalisha, nikauosha mguu. Kisiginoni kitu kikang'aa. Nikadhani ni kipande cha gamba la konokono. Nilipokishika kwa koleo ndogo na kuvuta, kikaja, kikaendelea kuja, mpaka nikawa nimeshika sindano ya kushonea, nzima, na tundu lake la uzi. Wakati naivuta alikuwa akinihadithia harusi ya mpwa wake mwezi ujao, ni nani amealikwa na nani ameachwa. Hakukata hata sentensi.

Nikamwonyesha. Akaichukua, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Hii ni yangu, namba tisa," akasema. "Naitafuta tangu Jumatatu."

Mimi sikucheka. Niliichukua kadi yake na kusoma mwandiko wangu: hisia nzuri, hisia nzuri, hisia nzuri, hisia nzuri. Mtu mwenye hisia nzuri amekaa na sindano kisiginoni siku tatu. Nikachukua chuma changu, nikakigonga, na kwa ule mshtuko nikasahau kukiweka mguuni. Nikabaki nacho hewani, na mdomo wangu, kwa mazoea, ukauliza unasikia.

"Nasikia."

"Unasikiaje, Bi., na sijakugusa?"

"Si kinalia? Ngiii. Kwani mimi kiziwi?"

Miaka yote ile nilikuwa nampima masikio. Akaniambia, kwa huruma kabisa, kwamba yeye naye alikuwa akishangaa kimoyomoyo: hospitali ina mambo, masikio ya mtu yapimwa miguuni. Lakini hakutaka kunitia haya mbele ya watu, maana alijua mimi mwenyewe ni mwenye haya.

Nikamwambia afumbe macho. Nikampitisha pamba kutoka vidoleni kupanda juu, aseme nitakapomgusa. Nilifika karibu na goti ndipo akasema hapo.

Halafu, kwa kuwa macho yalikuwa yamefumbwa na hanioni, akanieleza jambo ambalo hakumweleza hata dada yake. Alisema cherehani haihisi tena. Akiweka miguu juu ya kanyagio hajui kama ipo juu yake au chini, basi huisikiliza kwa sauti na kushona kwa kukisia. Mishono inakwenda upogo. Kanzu tatu za madrasa zimerudishwa. Ameamua siku ya harusi atampa mpwa wake cherehani hiyo, aseme ni zawadi, ili watu wasijue kwamba imemshinda. Mumewe alikwisha kufa, mtoto hakujaliwa. "Nikishaitoa ile," akasema, "nitakaa pale dirishani nifanye nini? Nihesabu mbuzi?"

Nikamuuliza siku hiyo ameletwa na nini hasa. Akasema ulimi, unawaka hata kwa chai. Akautoa. Ulikuwa mwekundu, laini, hauna ule mkwaruzo wa ulimi wa mtu. Hapo ukurasa wa daftari langu ulifunguka kichwani wenyewe.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo maswali yangu yalipozaliwa. Nilimuuliza kama anakula vizuri. Akanijibu alhamdulillahi, twala. Kila mtu wa pwani atakujibu hivyo, hata kama jana alilala na maji. Ndiyo maana mimi siulizi kama mtu anakula vizuri. Nauliza saa kwa saa. Asubuhi? Chai ya rangi na muhogo. Mchana? Wali na bamia. Jioni? Mchicha wa nazi, kipande cha mkate. Jana? Vivyo hivyo. Na samaki?

Akafumbua macho. Alinitazama kama niliyemtukania wazazi.

"Samaki? Si wewe uliyesema ni mwiko?"

Kuna watu wanaosema ardhi ipasuke. Mimi nilitaka ipasuke na haikupasuka, kwa hiyo ilinibidi niende kwa Bwana Mutua.

Nilibisha mlango wake ulio wazi. Nikamweleza kwamba Bi. Mwanakombo hana hisia miguuni na nikaomba apewe sindano ya B12. Kabatini tulikuwa na boksi moja la vichupa vyekundu vile, na funguo alikaa nazo yeye, kwa sababu wanaume wa mjini waliamini ni dawa ya nguvu na walikuwa wakija kuiomba kwa visingizio vya mgongo. Bwana Mutua hakuinua kichwa. Alisema sukari hula mishipa, hiyo inajulikana, ganzi ya sukari haina dawa, nimwambie azoee na avae viatu. Nikasema labda si sukari peke yake. Akauliza mimi nimekuwa daktari lini. Mlangoni, nyuma yangu, foleni yote ilinyoosha shingo ili isikie.

Kwa kawaida hapo ningeondoka. Miguu yangu ilikwisha kugeuka. Lakini nilimwona Bi. Mwanakombo kwenye benchi, ameshika ile sindano namba tisa kati ya vidole viwili, anaitazama.

Nikarudi nikasimama mbele ya meza.

"Ni mimi niliyemkataza," nikasema. "Daktari alisema apunguze mafuta, mimi nikamwambia samaki na nyama na mayai na maziwa ni mwiko. Miaka minne hajaonja hata dagaa, na miaka minne anameza vidonge vinavyozuia ile kidogo ambayo angeipata. Na ile hisia nzuri kwenye kadi ni uongo, nimeiandika mimi, nilikuwa namuuliza kama anasikia kengele. Usimwambie azoee. Azoee makosa yangu kwa nini?"

Bwana Mutua aliweka kalamu chini. "Wewe msichana," akasema taratibu, "hii maneno yote kama si kweli, utarudi kwenu Sabaki ulime."

"Nitalima."

Daftari la siku ile halina hesabu ya maneno. Limeandikwa tu: "Nilisema."

Akainuka. Na nampa haki yake: alipoinuka, aliinuka kweli. Alimfunua kope, akautazama ulimi, akamsimamisha miguu pamoja, akamwambia afumbe macho. Bi. Mwanakombo akaanza kwenda upande kama mnazi uliokatwa, nikamdaka. Bwana Mutua akamkalisha tena kwenye benchi. Akatoa damu ipelekwe maabara, kisha akafungua kabati mwenyewe, akavunja kichupa chekundu na kumchoma. Wiki iliyofuata maabara walisema damu ni pungufu na chembe zake ni kubwa kuliko kawaida, kama daftari lilivyosema. Lakini Alhamisi ile alikuwa hajui bado, na aliniambia wazi kwamba hamwahidi mtu chochote: sukari nayo imekula sehemu yake, na sehemu hiyo huenda isirudi. Akanipa kadi mpya. Akasema niandike upya, na safari hii niandike ukweli.

Mngedhani kazi imeisha. Sindano alichomwa siku moja ndiyo, siku moja hapana, kwa wiki mbili, kisha zikapangwa kila miezi mitatu. Kidonda cha kisigino kikafunga. Lakini samaki hakula. Nilimwambia kwenye baraza ya hospitali kwamba haukuwa mwiko, nilikosea, ale. Akanipa jibu ambalo hamtalipata kwenye mafunzo yenu yote.

Alisema: "Uliuweka mbele ya dada yangu, ndani ya chumba cha daktari. Utautengua hapa barazani, kama mtu anayeomba maji? Aliyeuweka ndiye auondoe, na auondoe sawasawa. Njoo nyumbani."

Jueni kwamba mimi sikuwahi kula mbele ya watu nisiowajua. Hata shuleni nilikula nimeupa ukuta uso. Ijumaa baada ya swala nikavuka daraja la Sabaki, nikafika Mambrui, nikakuta mkeka, sinia la wali, samaki aina ya changu wa kupaka, na wanawake saba wamekaa wakiningoja. Mpwa yule bi harusi mtarajiwa ndiye aliyepika. Nikanawa. Hakuna aliyegusa chakula. Dada yake Bi. Mwanakombo akasema haya, mwanangu, sema.

Nikasema ile sentensi yote ya Daktari Mrefu, nzima, niliyokuwa nayo kifuani miaka minne: nyama ipunguzwe mafuta, samaki asikaangwe kwenye mafuta mengi, mayai kwa kiasi, maziwa yaondolewe malai. Nikasema daktari hakutaja mwiko, neno lile ni langu, nimelitoa kwa sababu ya haya, na leo naliondoa. Sauti ilifika mpaka kwa aliyekaa mwisho. Kisha nikamega samaki, nikatia mdomoni mwangu kwanza, nikatafuna macho yao yote yakiniangalia, nikameza. Tonge la pili nikamlisha yeye.

Alitafuna muda mrefu sana. Machozi yakamtoka, akayaacha.

"Chumvi imezidi," akamwambia mpwa wake.

Basi nyumba ikalipuka kwa kicheko, na nikala mpaka nikashindwa kuinuka.

Sasa msije mkatoka hapa mkawachoma watu wote sindano nyekundu. Nawajua. Kuna waliofanya hivyo na kuna wanaofanya hivyo sasa, na nikiwakuta nawaambia usoni. B12 humsaidia aliyekosa B12. Asiyepungukiwa, mnamchoma maji mekundu na matumaini, na sukari yake inaendelea kumla huku nyinyi mnamtazama. Kilifi nilimpata mwalimu mmoja aliyesikia kwamba vitamini za B ni chakula cha mishipa, akanunua vidonge vya B6, vile vikali, akawa anameza vitatu mara tatu kwa siku zaidi ya mwaka, kwa sababu miguu ilikuwa ikimwasha. Alipokuja, chaki ilikuwa ikimdondoka mkononi. Ile dawa yenyewe, ikizidi sana, huua hisia. Tulimwachisha, na mikono ikarudi polepole, na alinikasirikia mwaka mzima kwa kumnyang'anya dawa yake.

Wala msiwaachishe watu vidonge vyao vya metformin kwa sababu ya hadithi yangu. Bi. Mwanakombo aliendelea navyo mpaka mwisho. Vidonge havikuwa adui. Adui alikuwa mtu aliyemwona kila mwezi na asimuulize kitu, na mtu huyo nilikuwa mimi.

Kwa hiyo nauliza, na nyinyi mtauliza, hata mkiitwa majina. Mvueni mtu viatu, mtazame nyayo na katikati ya vidole. Mfumbeni macho. Chuma mkikigonga, msiseme "unasikia", semeni "niambie mtikisiko ukianza mfupani, na uniambie ukikoma", na mara nyingine mkiweke kimya, bila kukigonga, muone kama mgonjwa anawajibu kwa adabu tu. Na mkubwa wenu akiwaambia ganzi ya sukari haina dawa, mwambieni huenda ni kweli, lakini tuhakikishe kwanza kwamba ni ya sukari. Mwambieni hivyo mkiwa mmesimama. Atawatishia kulima. Kulima si kubaya.

Ulimi wa Bi. Mwanakombo ulipona ndani ya wiki chache. Miguu ilichukua muda. Kwanza hakikuja kitu, na harusi ilikuwa inakaribia. Akaja kunilalamikia kwamba sasa anatambaliwa na sisimizi tangu ugokoni mpaka chini, tena wanauma. Nilimkumbatia pale pale mbele ya foleni, mimi, maana mguu uliokufa hausikii sisimizi, na yeye akadhani nimerukwa na akili. Bi harusi hakupata cherehani. Alipewa sufuria saba.

Mwaka ukapita. Siku moja nilimpitia Mambrui na chuma changu mfukoni. Alikuwa dirishani, anashona sare, kanyagio linakwenda juu na chini bila kukatika, na mshono umenyooka kama mstari wa daftari. Nikapiga magoti chini ya meza. Kisigino kilikuwa kimeamka, unyayo nao, kidole gumba cha kulia kilikuwa kimelala na hakikuamka tena mpaka alipokufa. Sehemu ya sukari hiyo, Bwana Mutua alisema kweli. Nikagonga chuma, nikakiweka kwenye kifundo cha mguu wa kushoto, na mdomo wangu, baada ya yote yale, ukateleza kwenye mazoea.

"Unasikia?"

Cherehani ikasimama. Bi. Mwanakombo akainama akanitazama chini ya meza, miwani imeteremka puani.

"Kwa masikio au kwa mguu?" akasema. "Uliza vizuri."